Pumzi za Punda wa Akuwam

Watu wa Kanamkemer, mtaa wetu wa Lodwar, wakikwambia kwamba Akuwam ndiye aliyewapelekea akina mama wa Kakuma ugonjwa wa punda, wasikilize kwa heshima halafu uwapuuze. Hawajui kitu. Mimi najua, kwa sababu karatasi inayomsema vibaya niliiandika kwa mkono huu.

Naitwa Makena. Ni Mmeru wa Nkubu, na nimeuza dawa za mifugo hapa Lodwar mwaka wa kumi na mbili sasa. Kabla hujaniuliza Mmeru anatafuta nini kwenye jua hili, nilimfuata mume aliyekuwa karani wa serikali. Karani akahamishiwa Garissa, akapata huko mambo yake, mimi na mtoto na duka tukabaki. Yaishe hapo. Habari yangu leo ni Akuwam.

Akuwam ni mwanamke tunayelingana umri, ila yeye ni mrefu, mkavu, na hacheki ovyo. Kazi yake ilikuwa maji. Alikuwa na punda wanne, majike watatu na dume mmoja, na kila asubuhi aliteremka nao kwenye mchanga wa mto Turkwel, akachota kwenye visima walivyochimba akina mama, akapandisha mitungi mpaka kwenye vibanda vya chakula na kwenye nyumba ambazo mfereji umekauka. Na mifereji yetu hukauka bila kuuliza mtu. Punda wale ndio waliomsomesha binti yake hadi akaingia chuo cha ualimu. Mbele alitembea Napus, jike la kijivu, na jina lenyewe lilitokana na rangi yake tu, maana Akuwam si mtu wa kupambapamba mambo. Napus akisimama wote wanasimama, akienda wote wanaenda.

Tulijuana kwa aibu, na aibu yenyewe ilikuwa yangu. Duka langu lilikuwa na miezi miwili. Mzee mmoja akaleta punda anayekohoa, nikamtazama kutoka mlangoni nikasema ni vumbi. Hapa Lodwar kila kitu ni vumbi. Mtoto akikohoa ni vumbi, mbuzi akipiga chafya ni vumbi, hata redio ikikoroma ni vumbi. Akuwam alikuwa anateremsha mitungi kwenye kibanda jirani. Akasema bila hata kunigeukia, "Mama, hiyo si vumbi."

Nilikasirika. Nilikuwa na cheti ukutani, kimewekwa kwenye fremu, na mtu asiyejua kusoma ananisahihisha mbele ya mteja. Nikamwambia haya basi, fundisha. Akaja, akamshika yule punda chini ya taya, akauchukua mkono wangu akauweka hapohapo. Kulikuwa na uvimbe wa moto, mkubwa kama limau. "Vumbi inatoa maji kwa pua," akasema. "Hii inatoa usaha. Vumbi inakohoa asubuhi, ikitembea kidogo inanyamaza. Hii ikitembea ndio inazidi." Mzee akaambiwa amtenge punda wake na asimnyweshe karai moja na wengine. Nikatoa dawa sahihi, punda akapona, na mzee akaenda kunisifu mimi sokoni. Akuwam aliendelea kuteremsha mitungi yake.

Tangu siku ile nikawa mwanafunzi wake, ingawa sikuwahi kulitamka hilo mbele za watu. Alinifundisha kwamba punda ni mfichaji. Akiona mtu anakuja anasimama wima kama askari, maumivu anayameza, na utakapojua anaumwa atakuwa ameshalala chini. Kwa hiyo usimkaribie. Kaa mbali juu ya mtungi wako, jifanye unatazama mambo mengine, halafu tazama tumbo. Mzima akivuta pumzi na kuitoa, ubavu unakwenda na kurudi mara moja. Mgonjwa wa mapafu akitoa pumzi, tumbo linasukuma, linatulia kidogo, kisha linasukuma tena, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa. Tazama anayenyoosha shingo mbele wakati wenzake wamelala. Tazama anayeyafuata maji halafu anayaacha.

Na pua, aliniambia, usiiangalie. Wenye punda wengi wa huku huzichana pua za wanyama wao wakiwa wadogo, ili wavute hewa nyingi kwenye safari ndefu za kuhama. Tundu likishachanwa linabaki wazi maisha yote, punda awe mzima au anakufa. "Pua ya punda ya Turkana ni mwongo," akasema Akuwam, na hiyo ndiyo mara moja niliyomwona akikaribia kucheka.

Niliposhikwa na malaria mwaka wa tatu, mtoto wangu Mwenda akiwa ananyonya bado, Akuwam aliniletea maji wiki mbili na hakutaka nimtaje kwa mtu. Alikuwa akiingia, ananisalimu kwa Kiturkana, "Ejok, Mama Mwenda," anajaza pipa, anamtazama mtoto, anaondoka. Wasemao wamesema asante ya punda ni mateke. Yangu mimi ilikuwa mbaya kuliko mateke.

Shirika lilikuja mwaka jana. Silitaji, na wala halina haja ya kutajwa, yanafanana yote. Lilitaka kuwapa akina mama wa Kakuma punda kumi na wawili wa kubebea maji na kuni, nusu kwa wakimbizi na nusu kwa wenyeji. Punda walinunuliwa huku na huku, wengine wakatoka mbali upande wa Kapedo, wakarundikwa kwenye zizi moja hapa Kanamkemer wangoje lori. Wa kuwapima alikuwa kijana anayeitwa Kipkemboi, Mnandi, mpole wa maneno, shati limepigwa pasi hata kwenye joto lile. Tulimwita daktari ingawa alikuwa na stashahada tu, na hakutukataza.

Kipkemboi hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya. Alikuwa na kijitabu alichopewa na wakubwa wake, cha dalili za magonjwa ya kupumua, na picha zote ndani yake zilikuwa za farasi. Farasi wanono, wamepigwa brashi, wamesimama kwenye majani ambayo kaunti yetu yote haina. Picha ya kwanza ilikuwa ya farasi aliyetanua pua, na chini yake imeandikwa kwamba hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuangalia. Kipkemboi akapita zizini na kijitabu chake, punda mmoja baada ya mwingine. Pua zote kumi na mbili zilikuwa wazi. Akasema kama wote wako hivyo, basi ni maumbile yao, hakuna mgonjwa. Akafunga kitabu.

Mimi ndiye niliyemwambia amwite Akuwam. Hilo nalo ni kweli, nalisema nisije nikaonekana shetani tangu mwanzo. Nilijua farasi wa kwenye karatasi hawatamsaidia mtu.

Akuwam alikuja Jumanne asubuhi, akageuza mtungi, akaukalia mbali na zizi. Alikaa mpaka jua likawa la utosini. Kipkemboi alikuwa akitazama saa kila mara. Mwishowe Akuwam akainuka, akaingia, akagusa taya na masikio, akatoka na kunionyesha kwa fimbo. Yule dume mwekundu. Yule jike mwenye sikio lililokatwa. Na yule mdogo aliyesimama peke yake pembeni. "Hawa watatu wanapumua mara mbili," akasema. "Wasipande gari. Na hao wengine tisa wakae kwanza siku kumi na nne, wamekunywa na hawa karai moja. Ugonjwa iko ndani, haijatoka tu."

Mimi nilitazama alipotazama. Niliona matumbo yakisukuma. Nataka uelewe hilo vizuri: niliona.

Kipkemboi akanivuta kando. Sherehe ya kuwakabidhi punda ilikuwa Alhamisi. Wageni walikuwa wameshakata tiketi za ndege kutoka Nairobi, tisheti zimeshachapishwa, kwaya ya kanisa moja la kambini imeshafanya mazoezi. "Mama Mwenda," akaniambia, "siku kumi na nne nitawaambia nini wale watu? Wataniuliza nilikuwa wapi siku zote." Kisha akanipa fomu na kalamu. "Wewe unajua Kiturkana, unajua mifugo. Andika unavyoona." Akaenda kusimama kwenye kivuli cha gari akibonyeza simu.

Ndivyo waoga wanavyofanya, wanakukabidhi kalamu. Lakini kalamu niliipokea. Shirika lilikuwa linatafuta duka la kuwapelekea dawa Kakuma na Kalobeyei mwaka mzima, na Kipkemboi alikuwa ameshanidokeza kwamba jina langu liko mezani. Nilikuwa nimechoka kuuza dawa ya minyoo kijiko kijiko. Nikaandika: wote kumi na wawili ni wazima, kikohozi kidogo cha vumbi. Chini palikuwa na nafasi ya mwakilishi wa jamii aliyeshauri. Nikaandika jina la Akuwam, nikampelekea wino.

"Umeandika watatu?" akaniuliza.

"Nimeandika ulivyosema. Daktari anawachoma sindano sasa hivi, na wakifika Kakuma wale watatu watatengwa."

Akaweka dole gumba.

Alhamisi alfajiri lori likaja, na punda wakakataa kupanda. Wametoka sehemu mbalimbali, hawajuani, hawana wa kumfuata. Vijana wa mizigo wakawapiga, wakawasukuma, punda mmoja akavunjika jino. Dereva akasema kwa mzaha, afe punda mzigo ufike, na watu wakacheka. Hapo kila mtu wa hapa anajua dawa yake: unatafuta jike kiongozi aliyezoea watu, unampandisha kwanza, wengine wanamfuata. Na kila mtu wa Kanamkemer anajua jike huyo ni nani. Kipkemboi akaniomba nikamwombe Akuwam.

Nilimkuta anawafunga punda wake mitungi. Akakataa kabla sijamaliza. "Napus hapana," akasema. "Hawa wanne ndio niko nao. Napus akiugua, hakuna kazi, hakuna shule, hakuna kitu."

"Wameshachomwa sindano, Akuwam."

"Nani amewachoma? Umeona na macho yako?"

"Nimeona," nikasema. "Kwani mimi nitakudanganya wewe?"

Hakuna aliyekuwa amewachoma chochote. Akuwam alinitazama kidogo, kisha akafungua kamba ya Napus. Hivyo ndivyo alivyokuwa: mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kitu na kumletea maji, hakumweka katika hesabu ya waongo. Akapanda lori na punda wake, akaenda naye Kakuma, wakaimbiwa na kupigwa picha, na kesho yake wakarudi wote wawili kwa lori lilelile.

Siku ya nne Napus aliacha maji. Akuwam akaja dukani akikimbia, na mimi sikuwahi kumwona akikimbia. Nikafunga duka, nikabeba dawa zote nilizokuwa nazo. Napus alikuwa amesimama na shingo mbele, usaha unashuka puani, na tumbo linafanya yale yale. Nikamchoma sindano. Nikamchoma tena kesho yake na keshokutwa. Safari hiyo nilichoma kwelikweli. Lakini mapafu yalikuwa yameshajaa, na wale wengine watatu walikuwa wamelala naye zizi moja. Napus alikufa Jumamosi. Dume akafuata Jumatatu. Majike wawili walikufa siku moja, mmoja akiwa na mimba. Akuwam aliwaburuta mwenyewe hadi ng'ambo ya mto kwa kamba, pamoja na binti yake aliyekuwa amerudi likizo, na hakutaka mtu awasaidie. Mimi nilisimama ukingoni. Nilitaka kusema, na kila nilipotaka kusema nilikumbuka mkataba, ambao ulikuwa umetiwa sahihi wiki ileile.

Kakuma walikufa punda saba kati ya kumi na wawili.

Saba ni wengi, na wageni walikuwa wameshapiga picha nao, kwa hiyo ikabidi apatikane mwenye kosa. Tuliitwa ofisini kwa shirika hapa Lodwar. Mkubwa wa mradi alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye haki kwa kadiri ya karatasi alizopewa. Akasema fomu inaonyesha kwamba punda wa mradi walitoka Kanamkemer wakiwa wazima. Ndani ya lori lile kulikuwa na mnyama mmoja tu ambaye hakupimwa wala kuandikwa, naye ni punda wa Akuwam, na punda huyo amekufa kwa ugonjwa uleule. Akauliza kama kuna mwenye maelezo mengine. Kipkemboi akaangalia viatu vyake.

Akuwam alikuwa amevaa shuka safi na shanga zake zote, kama anayekwenda kanisani. Akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Mimi nilisema watatu wagonjwa. Mama Mwenda aliandika, na mimi nikaweka kidole. Mama Mwenda, wasomee."

Hakuwa ananishitaki. Hilo ndilo linaloniua. Alikuwa anamwita shahidi wake.

Fomu ikasukumwa mezani hadi mbele yangu. Kwa muda ule wote nilioishika ningeweza kusema maneno matatu tu: nimeandika uongo, mnisamehe. Nikasoma. Nikasoma kwa Kiingereza, kisha nikamfasiria kwa Kiturkana, sauti imara kabisa: wote kumi na wawili ni wazima, kikohozi kidogo cha vumbi, ameshauri Akuwam. Akuwam hakunitazama usoni. Alinitazama kifuani, pale pumzi inapoingia na kutoka, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nimesikia," akainuka, akatoka.

Basi. Wakamfuta kwenye orodha ya watu wa kushauri. Wenye punda wa hapa wakamwambia asikaribie visima vyao, ana mkosi na ana ugonjwa. Binti yake hakurudi chuoni muhula uliofuata. Siku hizi Akuwam hupandisha maji kwa mgongo wake mwenyewe, mtungi mmoja kwa safari, na hupita upande wa pili wa barabara. Nilimpelekea gunia la unga kwa boda boda. Unga ukarudi na boda boda yuleyule, uzi wa gunia haujafunguliwa. Kipkemboi alipandishwa cheo akapelekwa kaunti nyingine, na nasikia anaendelea vizuri, na sijui kwa nini asiendelee vizuri.

Mimi pia naendelea vizuri, ukitaka kujua. Duka lina friji ya chanjo. Na mwezi wa tatu shirika lilinialika Kakuma kuwafundisha akina mama dalili za magonjwa ya kupumua, kwa sababu wamenunua punda wengine na hawataki yajirudie. Wakanipa tisheti na kile kijitabu cha farasi. Kijitabu nilikiacha kwenye gari.

Niliwafundisha siku mbili, na nilifundisha vizuri. Niliwaambia usimkaribie punda, kaa mbali, tazama tumbo. Niliwaambia pua ya punda wa huku ni mwongo. Niliwashika mikono mmoja mmoja nikaiweka chini ya taya. Wamama walikuwa wanasikiliza kwelikweli, wale wa Turkana na wale wa kutoka Sudan Kusini, kila mmoja na daftari lake, na asiyejua kuandika amekuja na binti wa kumwandikia. Mwenye maswali mengi alikuwa mama wa Kidinka anayeitwa Nyibol. Alikuwa mmoja wa wale saba waliofiwa na punda. Punda wake alikufa siku ya sita tangu apewe, kabla hajamaliza hata kumzoea.

Mwisho wa siku ya pili Nyibol akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "hii mambo unatufundisha ni mzuri sana. Tungejua mbele, punda yetu haingekufa. Lakini nauliza. Ile mama ya Lodwar, ile ilileta ugonjwa na punda yake. Yeye alikuwa hajui hii yote?"

Ukumbi mzima ukanitazama. Mkubwa wa mradi alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango.

"Hakuwa na mafunzo," nikasema.

Nyibol akatikisa kichwa kwa masikitiko, akainamia daftari lake, akaandika.